Ukishaambiwa "ni Saratani ya Titi", Uliza Swali la Pili

Mara nyingi katika ukurasa huu tumehimizana kujichunguza matiti na kwenda hospitali mapema pindi tunapogusa uvimbe. Hatutaacha kuhimizana hivyo, kwani mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mwezi huu tunataka kwenda mbele kidogo. Tunataka kuzungumza na yule mama ambaye amekwisha kwenda, amekwisha kuchukuliwa kinyama, na jibu limetoka kwamba ni saratani ya titi. Tunataka kuzungumza pia na dada yake, wifi yake, binti yake na jirani yake, maana siku ile mgonjwa mwenyewe masikio huziba, na anayesikia vizuri maneno ya daktari ni yule aliyemsindikiza.

Kwa wengi wetu, neno "saratani" likishatamkwa hatuulizi tena kitu. Tunarudi nyumbani Mbagala au Bunju tukiwa kimya ndani ya daladala, na kinachofuata ni vikao vya ukoo na machozi. Kumbe lipo swali la pili ambalo kila mama mwenye saratani ya titi ana haki ya kuliuliza, nalo ni hili: "Daktari, je, saratani yangu ina vipokezi vya homoni au haina?"

Jibu la swali hilo hueleza mambo mawili makubwa. Kwanza, linasaidia kujua jinsi ugonjwa unavyoelekea kwenda. Pili, linaonyesha ni dawa ipi itafaa na ipi haitafaa. Kuna mama ambaye jibu hilo litampatia kidonge kimoja cha kumeza kila siku, chenye uwezo wa kumpunguzia kwa kiasi kikubwa hatari ya kufa kwa ugonjwa huo. Asipouliza anaweza kukikosa, au akapewa na kukiacha njiani kwa sababu hakuna aliyemweleza kina kazi gani.

VIPOKEZI VYA HOMONI NI NINI?

Sote tunafahamu jinsi matiti yanavyobadilika. Msichana akivunja ungo huota matiti. Mwanamke akikaribia siku zake, matiti hujaa na pengine kuuma. Akishika mimba hukua na kujitayarisha kunyonyesha. Nani huyaamuru matiti kufanya hayo yote? Ni homoni, hasa zile mbili ziitwazo estrojeni na projesteroni. Homoni hizi hutengenezwa zaidi katika vifuko vya mayai, kisha husafiri ndani ya damu na kupita mwili mzima.

Sasa jiulize: kama homoni hupita mwili mzima, kwa nini titi lisikie wito wake lakini kiwiko kisisikie? Fikiria uani mwa nyumba ya kupanga kule Tandika au Manzese. Mtu akisimama getini na kuita "Mama Neema!", sauti inafika katika vyumba vyote, lakini anayeitika ni Mama Neema peke yake. Ndivyo ilivyo ndani ya mwili. Chembe za titi zina kitu maalumu cha kuusikia wito wa homoni, na kitu hicho ndicho kinachoitwa kipokezi. Tunaweza kusema kwamba kipokezi ni sikio la chembe.

Chembe ya titi inapoharibika na kuwa saratani, mara nyingi hubaki na masikio yake. Estrojeni ikiita, chembe hiyo inaitika kwa kugawanyika na kuongezeka. Saratani ya namna hii huitwa saratani yenye vipokezi vya homoni. Nyingine huwa zimepoteza masikio hayo kabisa. Hazingoji kuitwa na homoni yoyote, bali hukua kwa nguvu zake zenyewe. Hizo ndizo saratani zisizo na vipokezi.

Kwa hiyo akina mama wawili wanaweza kukaa benchi moja, wote wana saratani ya titi, wote uvimbe wao ni wa ukubwa uleule, na bado wakahitaji dawa tofauti. Usimshangae mwenzako akipewa vidonge na wewe ukapewa dripu peke yake. Wala usidhani kwamba umeonewa.

JINSI ELIMU HII ILIVYOPATIKANA

Mwaka 1896 daktari mmoja wa upasuaji wa Glasgow, Uskoti, aitwaye George Beatson, alitangaza kwamba aliwatoa vifuko vya mayai wanawake waliokuwa na saratani ya titi iliyosambaa, na uvimbe ukapungua. Wakati huo hakuna aliyejua habari za homoni kama tunavyozijua leo. Madaktari wengine walimfuata, lakini waligundua jambo la kuhuzunisha: karibu mgonjwa mmoja tu katika kila watatu ndiye aliyepata nafuu. Wale wawili waliobaki walikuwa wamepasuliwa bure. Kwa miaka zaidi ya 60 hakuna aliyejua namna ya kumtambua mapema yule ambaye angepona.

Fumbo hilo lilianza kufumbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Chicago, Marekani. Mwanasayansi aitwaye Elwood Jensen aliitia estrojeni alama ya mionzi hafifu, akaifuatilia ndani ya miili ya panya ili aone inakwenda kukaa wapi. Aliona kwamba inakwenda kwenye viungo vya uzazi na kushikwa huko, maana huko kuna vipokezi. Baadaye ikadhihirika kwamba wanawake ambao uvimbe wao ulikuwa na vipokezi ndio waliopata nafuu kwa matibabu ya kuzuia homoni.

Wakati huohuo, Uingereza, mwanamke mmoja mkemia aitwaye Dora Richardson alitengeneza dawa mwaka 1962 katika kampuni ya ICI. Wenzake walikuwa wanatafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo dawa ile haikufaa hata kidogo. Lakini mwaka 1971 daktari mwingine mwanamke, Mary Cole wa hospitali ya Christie mjini Manchester, alieleza jinsi alivyowapa wagonjwa wa saratani ya titi dawa hiyo, na baadhi yao wakapata nafuu. Dawa hiyo ni tamoksifeni. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo ambayo mama zetu wengi wanaotibiwa Ocean Road wameandikiwa.

Tamoksifeni hufanya nini? Kwa mfano wetu wa masikio, dawa hii huingia katika sikio la chembe ya saratani na kuliziba. Estrojeni inaita, lakini chembe haisikii. Isiposikia, haiongezeki.

Mwaka 2011 wanasayansi walikusanya pamoja matokeo ya majaribio 20 yaliyohusu wanawake zaidi ya 21,000. Walikuta kwamba kwa mwanamke mwenye saratani ya titi ya mapema yenye vipokezi vya estrojeni, kumeza tamoksifeni kwa muda wa miaka 5 hupunguza hatari ya kufa kwa ugonjwa huo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Kwa asiye na vipokezi, dawa hii haikumsaidia. Sasa unaona kwa nini swali la pili ni la lazima.

MAJIBU YANASEMAJE?

Ukipata karatasi ya majibu kutoka maabara ya patholojia, utaona herufi ambazo si rahisi kuzielewa. ER ni vipokezi vya estrojeni. PR ni vipokezi vya projesteroni. Mtaalamu wa maabara hukata kinyama vipande vyembamba sana, akavipaka dawa inayozipa rangi chembe zenye vipokezi, kisha akahesabu kwa darubini. Ikiwa chembe zilizopata rangi ni asilimia 1 au zaidi, basi jibu ni chanya. Yupo mama ambaye ataandikiwa asilimia 90 na mwingine asilimia 5. Kadiri asilimia inavyokuwa kubwa, ndivyo dawa ya homoni inavyotarajiwa kusaidia zaidi.

Utaona pia HER2. Hicho si kipokezi cha homoni za uzazi, ila hupimwa pamoja kwa sababu nacho kina dawa yake. Alama 0 au 1+ humaanisha hasi, alama 3+ humaanisha chanya, na alama 2+ humaanisha kwamba kinahitajika kipimo kingine ili kupata uhakika.

Je, majibu haya yanasema nini juu ya siku za mbele? Kwa kawaida saratani yenye vipokezi hukua taratibu zaidi. Hiyo ni habari njema, lakini ina mtego wake, kwa sababu inaweza kulala kimya na kurudi baada ya miaka 10 au hata 15. Saratani isiyo na vipokezi huwa na mwendo wa kasi, na ikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka michache ya mwanzo. Mama akivuka miaka 5 bila kurudiwa, hatari yake hupungua sana.

Hivyo basi, jibu hasi lisichukuliwe kuwa ni hukumu ya kifo. Mama asiye na vipokezi ana silaha zake, nazo ni upasuaji, dripu za kemo na mionzi. Mara nyingi saratani ya namna hii huitikia kemo vizuri. Ila yeye hana nafasi ya kukaa nyumbani miezi mitatu akijaribu dawa za majani huku akisubiri ndugu wakubaliane.

Na sisi Waafrika je? Huenda umesikia ikisemwa kwamba saratani ya titi ya mwanamke mweusi haina vipokezi, kwa hiyo hakuna haja ya kupima. Maneno hayo si ya kweli. Ni kweli kwamba saratani zisizo na vipokezi ni nyingi zaidi kwetu kuliko kwa wanawake wa Ulaya. Lakini mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti kutoka nchi nyingi za Afrika, wakakuta kwamba kusini mwa Sahara zaidi ya nusu ya saratani za titi zilizopimwa vizuri zina vipokezi vya estrojeni. Waliona pia jambo lingine: tafiti zilizotumia vinyama vilivyohifadhiwa kwa muda mrefu zilipata vipokezi vichache kuliko zile zilizotumia vinyama vipya. Jambo hilo linatuleta kwenye habari ya chupa.

KINYAMA KISICHEZEWE

Wengi wetu tumewahi kuona, au hata kufanya, jambo hili: ndugu ya mgonjwa anakabidhiwa chupa yenye kinyama na kuambiwa aipeleke maabara. Anaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, anapanda daladala, anapitia nyumbani kwanza, na chupa inakaa dirishani mpaka kesho kutwa kwa sababu fedha ya kipimo haijatimia.

Vipokezi ni vitu laini. Kinyama kikishatoka mwilini huanza kuharibika mara moja, na vipokezi huharibika pamoja nacho. Ndiyo maana kinatakiwa kitiwe katika dawa iitwayo formalini ndani ya muda usiozidi saa moja. Maji ya bomba hayafai, maji ya chumvi ya hospitali hayafai, na spiriti haifai. Formalini inatakiwa iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama chenyewe, wala si ya kulowanisha tu. Ikiwa titi zima limetolewa, uvimbe unatakiwa upasuliwe ili dawa ipenye mpaka ndani. Tena kisikae mno: wataalamu wanataka kinyama kikae ndani ya dawa hiyo kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72 kabla ya kuanza kushughulikiwa.

Mambo haya yasipofuatwa, maabara inaweza kupima kwa uaminifu wote na bado ikapata jibu "hasi" kwa saratani ambayo kwa kweli ilikuwa na vipokezi. Mama huyo atanyimwa kidonge kilichokuwa haki yake, na hakuna atakayejua.

Kwa hiyo ukikabidhiwa chupa, uliza bila woga: "Nesi, humu ndani mmeshatia formalini? Kinyama kilitolewa saa ngapi?" Hakikisha chupa imeandikwa jina la mgonjwa, tarehe na saa. Ipeleke siku hiyohiyo, moja kwa moja. Formalini ni sumu, hivyo chupa isifunguliwe njiani wala isiwekwe karibu na watoto au chakula. Kama fedha ni tatizo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku ya kuchukuliwa kinyama na si baada yake.

Maabara za patholojia za hospitali kubwa kama Muhimbili hapa Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza na KCMC mjini Moshi zinajua kazi hii. Na je, wewe uliyekwisha kutibiwa zamani bila kupimwa vipokezi? Usikate tamaa. Maabara huhifadhi kinyama ndani ya kipande cha nta, na mara nyingi kipande hicho kinaweza kutolewa kabatini na kupimwa baadaye. Muulize daktari wako, na ukumbuke kutunza namba ya kipimo iliyoandikwa kwenye karatasi yako ya majibu.

KIDONGE CHA MIAKA MITANO

Tuchukue mfano wa mama wa kufikirika, tumwite Mama Neema, mwenye miaka 38, mkazi wa Temeke. Ametolewa titi, amemaliza dripu, nywele zimeanza kuota. Vipokezi vyake ni chanya, hivyo amepewa tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa miaka 5. Miezi minane inapita. Usiku anaamka amelowa jasho. Mchana joto linampanda ghafla usoni akiwa gengeni kwake. Wifi yake anakuja kumtembelea na kusema:

"Wifi, wewe si umeshapona? Titi limetoka, dripu umemaliza. Hivyo vidonge vya nini tena? Vinakuchosha tu."

Na usiku mumewe anasema kwa upole: "Mama Neema, tulikubaliana Neema apate mdogo wake. Mpaka lini?"

Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini mama huyu akivitupa vidonge vile, ataanza kuitembeza hatari bila kuiona, kwa sababu haumwi popote. Heri aende kliniki na kusema yote. Muuguzi mzuri atamjibu: "Mama, hizi si dawa za maumivu, useme ukipoa unaacha. Kama kuna chembe iliyobaki mahali tusipopaona, dawa hii ndiyo inaizuia isikue. Jasho tutalizungumza, na la mtoto tutalizungumza. Ila usiache mwenyewe."

Kwa kweli yote mawili yanazungumzika. Joto la ghafla na jasho husumbua lakini kwa wengi hupungua kadiri muda unavyokwenda. Madhara yanayohitaji kwenda hospitali haraka ni haya: mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata ghafla, maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Na mama aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu ukeni, hata tone, aseme mara moja, kwa kuwa dawa hii huongeza kidogo hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi. Kwa mama aliyekoma hedhi zipo dawa nyingine za homoni, kama vile anastrozoli na letrozoli, ambazo daktari anaweza kumchagulia.

Kuhusu mtoto: usishike mimba ukiwa unameza tamoksifeni, kwani inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mama mwenye saratani ya titi asitumie njia za uzazi wa mpango zenye homoni, yaani vidonge vya majira, sindano wala vijiti. Zipo kondomu na kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wanawake ambao, baada ya kumeza dawa kati ya miezi 18 na 30, walisimamisha kwa muda chini ya uangalizi wa madaktari ili watafute mtoto, kisha wakatarajiwa kuirudia. Katika miaka ya mwanzo ya kufuatiliwa, saratani haikuwarudia zaidi ya wenzao ambao hawakusimamisha. Kwa hiyo baba na mama waende pamoja kliniki na wapange na daktari. Kusimamisha dawa kwa mpango na kuitupa dirishani ni mambo mawili tofauti.

Lipo na jambo lingine ambalo hatuwezi kulipita. Wapo wenzetu ambao baada ya kuombewa huambiwa waonyeshe imani kwa kuacha dawa. Akina mama, maombi na kidonge havigombani. Endelea kuomba, na glasi yako ya maji iwe mkononi. Bandu bandu huisha gogo, na miaka mitano humalizwa kwa kidonge kimoja kimoja. Bibi mwenye mjukuu wa shule na ampe kazi ya kumkumbusha kila jioni. Wengine hupigia alama kwenye kalenda ya ukutani, na hiyo nayo ni njia nzuri sana.

SARATANI NYINGINE JE?

Huenda msomaji akauliza: kama kidonge hiki kinafaa hivyo, kwa nini tusimpe na jirani yetu mwenye saratani ya kiungo kingine?

Wanasayansi nao walijiuliza hivyo. Walitafuta vipokezi vya homoni katika saratani nyingi. Katika saratani ya mfuko wa uzazi, vipokezi vikiwapo huwa ni dalili ya ugonjwa wenye mwendo wa pole, na kuna wagonjwa wanaosaidiwa na dawa za jamii ya projesteroni. Katika kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, mambo yalikuwa tofauti. Baadhi ya watafiti walieleza kwamba wameona vipokezi, na katika miaka ya 1980 na 1990 wagonjwa wa saratani ya kawaida ya kongosho walijaribiwa kwa tamoksifeni. Majaribio yaliyofanywa kwa makini hayakuonyesha faida ya kuaminika, na dawa hiyo haikuwa tiba ya ugonjwa huo. Hata hivyo, kuna aina adimu ya uvimbe wa kongosho unaoanzia kwenye chembe zinazotengeneza homoni. Katika uvimbe huo, kukosekana kwa vipokezi vya projesteroni huhusishwa na ugonjwa mkali zaidi. Hapo kipokezi humsaidia daktari kukisia mwendo wa ugonjwa, lakini hakimpi dawa.

Tunajifunza nini? Kwamba kuona sikio hakutoshi. Ni lazima ithibitike kwamba ukiliziba, ugonjwa unanyamaza. Katika titi imethibitika. Katika kongosho la kawaida haikuthibitika. Na saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, chanzo chake ni virusi na haitibiwi kwa kidonge hiki. Kwa hiyo usimpe jirani vidonge vyako hata kwa huruma. Utamchelewesha yeye, na wewe utapungukiwa.

MAMBO YA KUANDIKA KWENYE DAFTARI

Mgonjwa au anayemsindikiza aende na daftari dogo na kalamu, aandike majibu ya maswali haya:

1. Saratani iko hatua ya ngapi?
2. ER ni chanya au hasi, na ni asilimia ngapi? PR je? HER2 je?
3. Kama havijapimwa, kinyama kiko wapi na kinaweza kupimwa lini?
4. Kama ni chanya, nitameza dawa gani, kwa muda gani, na nikikosa dawa duka la hospitali nifanyeje?
5. Kama ni hasi, kemo inaanza tarehe ngapi?

Angalia pia kalenda. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba tangu mama afike hospitali na uvimbe mpaka apate jibu kamili zisipite siku 60. Hesabu siku zako. Zikikaribia 60 na bado unaambiwa "njoo wiki ijayo", ni haki yako kuuliza kwa adabu tatizo ni nini.

Na wewe ambaye huumwi, usidhani kwamba makala hii haikuhusu. Katika kila jumuiya, kila kikundi cha kufa na kuzikana, na kila mtaa wa Kinondoni na Temeke, yupo mama mmoja aliyetolewa titi ambaye hapendi kulizungumza. Tunawaomba mfanye jambo moja mwezi huu. Mkienda kumjulia hali, msiishie kwenye pole na kilo ya sukari. Muulizeni taratibu, faraghani: "Dada, vidonge vyako bado unavyo? Kliniki yako ni lini? Nikusindikize?"